Igizo la ridhaa nalitazama mara mbili: usiku wa kwanza na usiku wa mwisho

#1 Safu ya Tatu (mleta mada)

Wakuu, heshima zenu.

Naleta jambo nililolishika kwa miaka mingi na sijawahi kuliandika popote. Kikundi cha ridhaa kikitangaza igizo, mimi nakata tiketi mbili, zote zangu. Moja ya usiku wa kwanza, nyingine ya usiku wa mwisho. Jamaa zangu wanaona napoteza muda, maana kisa ni kilekile na mwisho wake naujua. Naomba nieleze kwa nini, kisha nisikie ninyi mnaohudhuria maigizo haya mnaonaje.

Ninaposema ridhaa nazungumzia watu wasiolipwa. Mchana mmoja ni muuguzi, mwingine fundi umeme, mwingine anafundisha hesabu. Jioni wanakutana ukumbini, wiki nane au kumi, wanasoma, wanasimama, wanakosea, wanarudia. Wakishamaliza wanaonyesha siku chache tu, pengine Ijumaa na Jumamosi za wiki mbili, na kila kitu kinabomolewa. Kundi la kulipwa linaweza kucheza igizo moja kwa miezi, nawe ukifika unalikuta limeshaiva. La ridhaa linaivia mbele ya macho yako. Ukilitazama mara moja hujaona linavyoiva.

Nitoe mfano mmoja.

Igizo lilihusu baba aliyetoweka miaka mingi, sasa anarudi nyumbani. Aliyemcheza baba ni dereva wa lori, mtu mzima, mara yake ya kwanza kupanda jukwaani. Usiku wa kwanza aliingia vizuri, akavua kofia, akamtazama dada yake aliyeketi anashona, akafungua mdomo, na maneno yakapotea. Nilikuwa safu ya tatu. Niliona kidole gumba chake kinazunguka ukingo wa kofia, kinakwenda, kinarudi. Ukumbi mzima ulikuwa umeshajua. Kimya cha sekunde kumi si kitu barabarani, lakini jukwaani ni kirefu mno.

Yule dada akaweka kitambaa chini. Akaenda mezani palipokuwa na jagi na bilauri, vyote vya kupamba tu, jagi tupu. Akaliinamisha jagi juu ya bilauri, hakikutoka kitu, akampelekea. Akasema, "Kunywa kwanza. Umetoka mbali." Jamaa akapokea, akanywa hewa. Koo lake nililiona likipanda na kushuka. Alipoirudisha bilauri maneno yalikuwa yamerudi, akaendelea.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba maneno yale hayamo kabisa kwenye andiko. Dada aliyatoa kichwani mwake palepale.

Usiku wa mwisho nikakaa kiti kilekile. Baba akaingia, akavua kofia, akamtazama dada, akanyamaza. Kidole gumba kikaanza kuzunguka ukingo wa kofia. Moyo ukanipasuka, nikajua amesahau tena. Dada akaweka kitambaa chini, akaenda mezani, akamimina, na safari hii nikasikia maji yakiingia kwenye bilauri. Mwongozaji alikuwa ameamua lile libaki, na kuna mtu alikuwa amelijaza jagi. "Kunywa kwanza. Umetoka mbali." Mama aliyekaa mbele yangu akatoa leso.

Hicho ndicho ninachokifuata, wakuu. Karibuni.

#2 Msafiri wa Jioni

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho, na naona umeandika kwa moyo. Ila acha niseme la kwangu. Mimi nimekwenda mara moja tu, kwa sababu mwenzangu wa kazini alikuwa anacheza. Nilikaa nyuma kabisa. Nusu ya maneno sikuyasikia. Taa zikizimwa ili wabadilishe vitu tunabaki gizani tunasikiliza viti vinaburutwa, mpaka nasahau kisa kilikuwa kimefikia wapi. Aliyecheza mfalme ndevu zake zilianza kubanduka upande mmoja, na kuanzia hapo nikawa natazama ndevu tu. Nilitoka nimechoka, na zaidi ya kuchoka niliona aibu kwa niaba yao. Mtu kama mimi unamwambiaje aende mara mbili?

#3 Safu ya Tatu (mleta mada)

Ndugu yangu, yote uliyoyasema yapo, sina ubishi. Ila yana sababu, na ukizijua sababu utaangalia kwa jicho jingine.

Nianze na sauti, maana ndiyo inayofukuza wengi. Vikundi hivi mara nyingi vinatumia kumbi za mikutano: sakafu bapa, dari ya juu, kuta ngumu. Wiki zote za mazoezi ukumbi ni mtupu, na ukumbi mtupu unarudisha sauti. Mwigizaji akiongea kawaida tu anajisikia mpaka ukuta wa nyuma, basi anakizoea kiwango hicho. Usiku wa kwanza watu wanajaa, na miili na nguo za watu zinanyonya sauti. Mwangwi aliouzoea haupo tena. Yeye anaongea kama alivyoongea jana, na safu ya kumi haipati kitu. Wenye masikio wanalitambua hilo usiku uleule, wengine mpaka waambiwe, lakini ifikapo onyesho la mwisho wengi wameshajifunza kuitoa sauti tumboni. Wewe ulikwenda siku gani?

Kuna na suala la mwisho wa sentensi. Asiyefunzwa kupumua anaianza sentensi kwa nguvu na kuimaliza hewa ikiwa imemwishia. Kwa Kiswahili hasara yake ni kubwa, kwa sababu habari yenyewe mara nyingi tunaiacha mwishoni. "Aliyeichukua ile barua usiku ni mama yako." Mtu wa nyuma anasikia kwamba kuna aliyechukua barua usiku, basi. Kisa kizima kimekaa kwenye yale maneno mawili yaliyomezwa. Nimewahi kuona igizo zuri likifa hivyo, sentensi baada ya sentensi, na hakuna aliyekuwa akicheza vibaya.

Kwa hiyo usikae nyuma. Safu ya kwanza nayo siisifii, utaona viatu na shingo itakuuma. Tafuta ya tatu mpaka ya tano, katikati.

Sasa ile aibu. Naijua, iliniandama miaka ya mwanzo. Iliniisha nilipoanza kuwatazama wale wasiokuwa na zamu ya kusema. Mtu akikwama, usimkodolee yeye, watazame wenzake. Hapo utajua kundi ni kundi au ni watu walioazimana jukwaa. Usiku wa kwanza utawaona wengine midomo inatikisika, wanafuatisha maneno ya mwenzao bila sauti wakisubiri zamu yao ifike. Hawamsikilizi, wanamhesabia. Usiku wa mwisho mtazame mtu yuleyule. Midomo imetulia, na mwenzake akimwambia "mtoto amepatikana" unaona kabisa kwamba habari hiyo ndiyo kwanza inamfikia, japo ameisikia mara mia.

#4 Nyuma ya Pazia

Mleta mada umegusa penyewe. Mimi ni msimamizi wa jukwaa. Kazi yangu ni kukaa gizani pembeni, andiko mkononi, na taa ndogo ya bluu, nikitoa ishara za taa na za kuingia. Kwa hiyo niwape upande ambao tiketi hainunui.

Kitu ambacho hatuwezi kukifanyia mazoezi ni kicheko chenu. Wiki nzima ya mwisho tunapita igizo lote na taa, mavazi na vipodozi, kila kitu kama siku yenyewe, lakini hakuna anayecheka, maana waliomo ukumbini ni mwongozaji na fundi taa, na wao wameshachoka na zile chekesho. Usiku wa kwanza watu wanacheka mahali ambapo hatukutegemea, na mwigizaji anaendelea kusema juu ya kicheko. Watazamaji wanakosa mstari unaofuata. Wakikosa mara mbili tatu wanaanza kujizuia wasicheke, ili wasikie, na ukumbi unapoa. Kosa si la igizo. Kicheko kinapanda, kinafika juu, kinaanza kushuka. Mstari unaofuata unatakiwa uingie kinaposhuka, kabla hakijaisha. Kulijua hilo hakuhitaji kipaji, kunahitaji ninyi mje.

Msafiri, lile giza la kubadilisha vitu naliomba radhi kwa niaba ya wote wa kazi yangu. Gizani tunakwenda kwa vipande vya utepe unaong'aa tulivyobandika sakafuni, na kwa kuhesabu hatua. Kwenye igizo letu moja badiliko la kutoka sebuleni kwenda barabarani lilichukua karibu dakika nzima usiku wa kwanza, kwa sababu meza ilitoka kabla ya viti na viti vikakosa njia. Onyesho la mwisho, watu walewale, meza ileile, nikihesabu sijafika kumi na tano.

Na jamani, simu. Mnadhani mkiinamisha simu mapajani hatuioni. Taa za ukumbi zikizimwa, mwanga ule unaangaza uso wako na kutoka jukwaani unaonekana wewe peke yako. Kurekodi ndiyo usiguse kabisa. Maigizo mengi tunayocheza tumeombea haki ya kuonyesha kwa mwenye kazi, kwa siku maalumu, na mkataba kwa kawaida unakataza kurekodi. Video yako ya dakika mbili inaweza kukigombanisha kikundi na mwenye haki.

Nyongeza kwa anayetaka kwenda mara moja tu: asichague usiku wa pili. Usiku wa kwanza kuna woga, na woga unaleta nguvu. Wa pili woga umeondoka, nguvu nayo imeondoka, na uzoefu bado haujaja.

#5 Dada Mkubwa

Hapo kwenye usiku wa pili nakazia, ndio niliomwona mdogo wangu. Na ndiyo iliyonileta kwenye uzi huu. Mdogo wangu wa kiume alicheza kama hakimu, na kwa kweli hakucheza vizuri. Mikono haikujua iende wapi, mara mfukoni, mara nyuma. Tulipotoka akaniuliza, "Dada, umeonaje?" Nikamwambia "hongera sana", akanitazama, akajua. Hajaniuliza tena. Nilitakiwa nimwambie nini? Kumdanganya sitaki, na kumvunja moyo sitaki.

#6 Safu ya Tatu (mleta mada)

Dada yangu, swali lako limenigusa, maana nami nilishawahi kumwumiza mtu kwa "hongera sana". Neno hilo likitoka peke yake linasikika kama pole.

Ninachofanya siku hizi ni kutafuta kitu kimoja nilichokiona kweli, hata kiwe kidogo namna gani, na kukitaja kwa jina lake. "Pale ulipovua miwani kabla ya kusoma hukumu, niliacha kupumua." Ukikitafuta kitu hicho tangu mwanzo wa onyesho, utakipata. Na mwigizaji anajua kabisa kuwa huwezi kukitunga, kwa sababu alikuwapo.

Ya mikono usimwambie usiku uleule kama bado ana maonyesho mbele. Kesho anatakiwa apande tena, na hana mazoezi ya kuirekebisha katikati. Atapanda akiifikiria mikono tu, na itamsumbua mara mbili. Yawekee akiba. Baada ya onyesho la mwisho, siku mbili tatu zikipita, mwulize yeye mwenyewe, "Ungerudia, ungebadilisha nini?" Kwa niliowauliza hivyo, karibu wote walitaja wenyewe kile nilichokuwa nakiogopa kusema.

Na kama maonyesho yake hayajaisha, dada, nenda tena. Nenda la mwisho. Usimwambie kuwa unakuja.

#7 Mwanafunzi wa Kale

Niongeze kidogo kutoka upande wa historia, kwa sababu hii tabia ya mleta mada ya kurudi na kutazama tena ni ya zamani kuliko anavyofikiri.

Athens ya kale, kwenye tamasha la Dioniso, mungu wao wa mvinyo, yale makabila kumi ya mji kila moja lilitoa kwaya ya wanaume 50 na kwaya ya wavulana 50. Ni raia 1,000 kila mwaka, achilia mbali kwaya za tamthilia zenyewe, na hao wote walikuwa raia wa kawaida waliofanyishwa mazoezi kwa ajili ya tamasha. Sasa fikiria ukumbi ule. Mzee anayetazama naye aliwahi kusimama palepale akiwa kijana, akaimba, akasahau mstari. Alikuwa anatazama kitu anachokijua kwa miguu yake.

York, Uingereza, tangu karne ya 14 mpaka ya 16, vyama vya mafundi vilicheza visa vya Biblia juu ya magari yaliyokokotwa mtaa kwa mtaa, kila chama na kisa chake. Kisa cha kujengwa kwa safina ya Nuhu walikicheza waunda meli.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni Oberammergau, kijiji cha Bavaria, Ujerumani. Mwaka 1633, wakati wa tauni, wanakijiji waliweka nadhiri kwamba wataigiza mateso ya Yesu, wakaigiza mara ya kwanza mwaka 1634, na sasa wanaigiza kila baada ya miaka kumi. Zamu ya 2020 iliahirishwa hadi 2022 kwa sababu ya Uviko. Ili ucheze lazima uwe umezaliwa pale au umeishi pale miaka 20. Mwaka mmoja kabla, tangu Jumatano ya Majivu, wachezaji wanaacha nywele na ndevu zikue, hakuna za bandia (Msafiri, hapo ndevu hazibanduki). Mtoto anaanza akiwa ndani ya umati, anabeba tawi. Miaka kumi baadaye unamwona tena, kijana. Mtazamaji wa pale akirudi mara ya pili, aliyekuwa mtoto ana ndevu zake mwenyewe.

Na tusisahau igizo la kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Kenya, 1977. Wakulima na wafanyakazi wa pale walijijengea wenyewe jukwaa la wazi, na mazoezi yakafanyika mbele ya kila aliyetaka kuja. Watu wakaja, wakarudi, wakawa wanamsahihisha mchezaji: mzee haketi hivyo, mama haongei hivyo. Onyesho lilipofunguliwa Oktoba 2, wengi waliokuja kutazama walikuwa wameshaliona likizaliwa. Wiki sita baadaye, Novemba 16, serikali iliondoa kibali, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waliotunga igizo lile, akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Igizo la kulipwa lililotazamwa mara moja na wageni lisingemtisha mtu kiasi hicho. Hili lilikuwa limeshaingia vichwani mwa watu kwa kurudia.

#8 Safu ya Tatu (mleta mada)

Mwanafunzi wa Kale, asante sana. Hilo la mazoezi ya wazi limenikaa. Nitamwomba mwongozaji wetu walau jioni moja ya wiki ya sita atufungulie mlango tukae nyuma kimya.

#9 Dada Mkubwa

Nimerudi jana. Nilikwenda onyesho la mwisho bila kumwambia, nikakaa pembeni asinione. Mikono ilikuwa juu ya meza, imetulia, kiganja juu ya kiganja. Sijui nani alimwambia, au ilitulia yenyewe. Wakati wa kusoma hukumu alinyanyua mmoja tu, akageuza ukurasa, akaurudisha. Nilipomwona nje nikamwambia hivyo hivyo, kwamba niliuona mkono ukigeuza ukurasa. Akaniuliza, "Kwani ulikuwepo?" Tumeongea mpaka saa saba usiku.

#10 Msafiri wa Jioni

Wakuu, nami nimerudi. Niliahidi moyoni kwamba nitajaribu kabla ya kubisha tena. Nimekwenda Jumamosi, onyesho la mwisho la kikundi kilekile nilichokilalamikia, igizo jingine. Nilikaa safu ya nne katikati.

Nilisikia karibu kila neno. Kuna mama mmoja bado anameza mwisho wa sentensi, mleta mada ulisema kweli, na nilijikuta nimeinama mbele kumsaidia. Lakini nililotaka kuwaambia ni la mlango.

Kwenye igizo kuna nyumba ya mzee ambayo watoto wake wanataka kuiuza, na nyumba hiyo ina mlango mmoja mkubwa wa mbao. Mzee hataki mtu aufungue isipokuwa yeye. Kila anapoufungua anaweka bega kwanza, kisha mguu wa nyuma, anasukuma, unafunguka polepole. Dakika zote zile niliuona ni mlango wa mninga au kitu kama hicho, mzito wa kuvunja mgongo.

Onyesho lilipokwisha nikasubiri nje mwenzangu wa kazini, yeye sasa yuko kwenye taa. Akatoka akaniambia wanabomoa usiku huohuo kwa sababu asubuhi ukumbi una watu wengine, na wamepungukiwa mikono. Nikavua koti nikaingia. Nikapewa kubeba ule mlango, mimi na kijana mmoja. Nikajipanga, nikakunja magoti, nikashika upande wangu, nikanyanyua, nikataka kuanguka nyuma. Hauna uzito. Ni fremu ya mbao nyembamba iliyowambwa turubai na kupakwa rangi, ningeubeba kwa mkono mmoja. Mistari ya mbao nilikuwa nimeitazama saa mbili nzima, kumbe ni brashi.

Yule kijana akaniambia mzee aliufanyia mazoezi nyumbani kwake, kwenye mlango wa kabati, kila usiku.

Nilimkuta mzee mwenyewe anafuta vipodozi kwenye kioo cha mkononi. Ni fundi saa. Nikamwomba anionyeshe. Akasimama mbele ya ukuta mtupu, akaweka bega, akaweka mguu wa nyuma, akasukuma.

Nyuma ya Pazia, mazoezi ya igizo lenu lijalo yanaanza lini? Mimi kuigiza siwezi, lakini kubeba naweza, na kuhesabu hatua gizani nitajifunza.